Mkono Usioharakisha Kuachia

Kule Sainte-Albine, kijiji cha nchi ya baridi kaskazini mwa Ziwa Saint-Jean, mtu akitaka kusema fulani ni mwaminifu hakupoteza maneno. Alisema, "Huyo ana mkono wa akina Claveau," na mazungumzo yakaishia hapo: muuzie farasi, mwazime shoka, mpe binti yako.

Maana akina Claveau wakikupa mkono hawakuwa na haraka ya kuuchukua. Watu wengine hukugusa ncha za vidole kama wanaonja chumvi, macho yao yako kwa mtu wa nyuma yako. Claveau alikukamata hasa. Ulipodhani salamu imekwisha, yeye ndiyo kwanza yumo, kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hataki aondoke. Siku ya kumzika Mzee Onésime Claveau, padri alisimama akasema mkono ule ulihubiri vizuri kuliko yeye, na kanisa zima likalia, padri naye akalia. Hakuna aliyejiuliza mbona mkono huohuo ulikuwa ukikwama vilevile kwenye mpini wa shoka. Na shoka, jamani, hakuna alipendaye kiasi hicho.

Azélie, binti wa mwisho wa mzee huyo, mkono ulimjia alipoanza kukua na kukamua ng'ombe. Asubuhi za baridi, zile ambazo pua inaganda kwa ndani, alikaa kwenye kigoda, akashika chuchu ya ng'ombe wa kwanza, akabana, na vidole vikakataa kufunguka. Ng'ombe akageuza shingo kumtazama, kama anayeuliza tunakaa hivi mpaka lini. Azélie alisubiri. Vidole vikalegea. Akabana tena, vikakwama, lakini mara hii kidogo. Akifika kwa ng'ombe wa tatu mikono ilikuwa laini kama imepakwa siagi, na maziwa yalilia kwenye ndoo bila kukatika. Hakuona ajabu. Alidhani watu wote wako hivyo, kwamba mikono nayo hulala na huamka kama wenyewe. Ndiyo maana kila siku alianza na ng'ombe mpole kuliko wote, asiyepiga teke.

Hata mume alimpata kwa mkono huo. Kwenye dansi ya kumaliza mavuno, fidla inalia na visigino vinagonga mbao, alishikwa mkono na Adjutor, kijana wa ng'ambo ya mto mwenye masikio kama vipini vya sufuria. Wimbo ukaisha. Wachezaji wakaachana. Azélie hakuachia. Adjutor akautazama mkono, akamtazama mwenye mkono, akaiva mpaka kwenye vile vipini. Wiki haikuisha, akaja kwa Mzee Onésime nywele zimechanwa kwa maji.

"Binti yako amenichagua mbele ya watu," alisema.

Azélie alikuwa nyuma ya mlango. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuwa amemtazama vizuri siku ile, jinsi alivyosimama pale bila kujivuta na bila kumwaibisha, na hakumkataa. Wakaishi palepale kwenye shamba la mzee. Mimba zilikuja zikaharibika, kisha zikaacha kuja, na Azélie akayaweka hayo mahali pake akaendelea na ng'ombe.

Pamoja nao nyumbani mle aliishi Ludger, kaka yake Azélie, mzaliwa wa kwanza.

Ludger alikuwa na uso mrefu uliokonda, umebonyea pembeni mwa macho, na kope zilizoshuka nusu kama mapazia ya nyumba yenye msiba. Nywele za mbele zilimkimbia kabla hajaoa, na kwa kuwa hakuoa kabisa, majirani walisema nywele ndizo zilizokuwa na akili. Alisemea puani. Alijikwaa kwenye kila kizingiti, hata vile alivyovijua tangu utotoni, kwa sababu vidole vya miguu vilikuwa vikiburuzika chini. Na alilala. Alilala kanisani, alilala mezani kijiko kikiwa njiani, alilala juu ya kigoda cha kukamulia amelaza paji lake kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Shemeji," Adjutor alikuwa akimwambia, "siku ukifa tutajuaje?"

"Nitaacha kukoroma," Ludger alijibu bila kufumbua macho.

Baba yao alimwita gogo. "Gogo limeamka?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi, na kwa Mzee Onésime hiyo ilikuwa hotuba, kwani aliweza kumaliza mwezi mzima kwa "ndiyo", "hapana", na jina la farasi wake. Neno zuri kwa Ludger halikuwahi kumtoka. Ila kulikuwa na asubuhi ya mwaka mpya. Asubuhi hiyo, kama kila nyumba ya pale ziwani, watoto walipiga magoti na baba akawabariki, kisha akawapa mkono mmoja mmoja. Kwa wengine ilianza kwa mkubwa. Kwa Onésime ilianza kwa mdogo. Azélie ndiye aliyefungua, na vidole vya baba vilimkaba mpaka akang'ata midomo; akafuata aliyemtangulia kuzaliwa, na mwingine, na mwingine, benchi zima la watoto ambao baadaye walitawanyika mijini na kwenye nyumba za watawa. Ludger alikuwa wa mwisho. Na kwa Ludger mzee alikaa. Pai ya nyama ilipoa mezani, mama yao akikohoa kuwakumbusha, na baba na mwanawe mkubwa wamesimama wameshikana mikono hawasemi kitu. Mwaka mzima wa kuitwa gogo, Ludger aliuvuka kwa asubuhi hiyo moja.

Mzee alifia shambani, wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Hakuwa ameugua. Alisimama, akaegemea gari la farasi, akaanguka, na walioona walisema alikuwa ameshakwenda kabla hajafika chini. Mungu kamwita, alisema padri. Ludger akakaa kwenye kiti cha baba, na baraka za mwaka mpya zikawa zake kutoa.

Basi yakaenda hivyo, mpaka macho ya Azélie yalipoanza kumsumbua. Hakuwa mzee, lakini taa ziliota ndevu na sura za watu zikawa kama ziko nyuma ya mvuke wa sufuria. Akapanda basi mpaka hospitali ya mjini. Daktari wa macho akammulika, akammulika tena.

"Mama, huyu ni mtoto wa jicho, lakini si wa uzee," alisema. "Wako ana vumbi la rangi. Nyekundu, kijani, buluu, kama kioo cha dirisha la kanisa."

Azélie hakujua ashukuru au atubu. "Anatolewa?"

"Atatolewa. Ila kwanza nenda chumba cha mwisho ukamwone mwenzangu, daktari wa misuli."

"Misuli? Nimeleta macho."

"Nenda tu, mama."

Daktari Vézina alikuwa mfupi, tai yake ina doa la supu. Alisimama, akanyoosha mkono kama mtu mstaarabu, Azélie akaushika. Ukakwama, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na mikono ilikuwa bado imelala. Wageni wakishikwa hivyo huwa wanacheka au wanajivuta. Huyu hakufanya lolote. Aliinamisha macho akautazama mkono, akasubiri, ametulia kama mtu anayesubiri kengele ya misa. Vidole vilipofunguka akasema, "Tena."

Wakapeana mkono tena. "Tena." Na tena. Mwishoni mkono wa Azélie ulifunga na kufunguka kama wa mtu yeyote.

"Mikono yako huamka," daktari alisema.

Azélie alihisi ngozi ya kichwa ikimsisimka. Maneno hayo alikuwa akiyasema moyoni mwake tangu usichana na hakuwahi kumwambia mtu.

"Huamka nikimfikia ng'ombe wa tatu," alijibu polepole.

"Na baridi ikizidi?"

"Mpaka wa tano."

Akamwambia aweke kiganja juu ya meza. Akachukua kinyundo kidogo cha mpira, akagonga pale kwenye nyama chini ya kidole gumba. Gumba likainuka lenyewe, likaingia kiganjani, likakaa humo. Azélie aliliangalia. Hakuwa amelituma. Lilikaa kama mtoto aliyejificha, kisha likaanza kurudi kidogo kidogo kama mlango mzito unaofunguliwa na upepo.

"Sasa nikueleze habari za kwenu," Daktari Vézina alisema. "Nikikosea, nikatize. Una baba, au mama, aliyekuwa na mkono huu."

"Baba."

"Hakuugua sana. Labda macho. Na alikufa ghafla, amesimama."

Azélie hakumkatiza.

"Una ndugu aliyezidiwa kuliko wewe. Uso mrefu, kope zimeshuka. Kama ni mwanamume, kipara cha mbele tangu ujana. Anasemea puani. Anajikwaa pasipo na kitu. Na analala mchana, nyumba nzima mnamwita mvivu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe, uliponisalimia."

Azélie alipiga ishara ya msalaba. Hakuwa mwanamke wa kutishika. Alishawahi kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kumgeuza ndama aliyekuja vibaya. Lakini mtu huyu, hajawahi kukanyaga Sainte-Albine, alikuwa ameingia nyumbani kwao kupitia kiganja chake. Amepita chumba kwa chumba, amemwona marehemu shambani na Ludger kwenye kiti chake, ametoka amefunga mlango.

Daktari akamweleza kwa maneno ya kawaida. Ni urithi. Mzazi akiwa nao, kwa kila mtoto ni kama kurusha sarafu juu. Misuli inajua kukaza, ila imesahau kulegea upesi, na miaka ikienda inakonda na kuchoka. Mara nyingi kizazi kinachofuata huanza mapema kuliko kilichotangulia, na huumia zaidi. Akasema hakuna mahali wanapoukuta kwa wingi kama hapa, ziwani na kando ya mto Saguenay. Wanadhani ulishuka melini na mume na mke waliotoka Ufaransa, karne tatu zilizopita.

Azélie akaiona meli hiyo kichwani mwake. Mume na mke wanashuka, wamechoka, wananuka chumvi. Mmoja wao anamshika mkono mtoto. Mtoto anakua, anamshika wake. Na hivyo hivyo, kupita misitu, kupita baridi zote zile, kupita watu ambao hata makaburi yao hayajulikani, mpaka kwa Onésime, mpaka kwake yeye aliyekaa hapa na koti lake la kwendea kanisani. Salamu moja, karne tatu, na hakuna aliyeiachia. Aliogopa, lakini haikuwa hofu ya ugonjwa. Ilikuwa ile ya mtu anayesimama ukingoni mwa kitu kirefu.

"Moyo nao ni msuli," daktari alisema, na hapo alikaza sauti. "Una nyaya zake za umeme. Wako nitaupima leo. Wa huyo kaka yako nautaka upesi. Nyaya zikikatika hazitoi taarifa. Nadhani ndicho kilichompata baba yako."

"Na zikiwa zinataka kukatika?"

"Tunaweka kifaa kidogo chini ya ngozi, kinashika kazi. Lakini hatuwezi kukiweka kwa mtu aliyezikwa, mama. Mlete."

Moyo wa Azélie ulikutwa salama. Akarudi nyumbani na basi, akawaeleza yote wakila supu ya njegere.

Adjutor ndiye aliyeanza. Aliweka kijiko chini. "Subiri kwanza. Ile dansi."

"Ndiyo."

"Kumbe hukunichagua? Ulikwama?"

"Nilikwama."

"Mama yangu mzazi! Miaka yote hii nimeolewa na kukwama!"

"Umeolewa? Kula supu yako. Nilikwama, nikakuona unatabasamu kama ndama aliyeona ndoo, nikaona nisikuharibie siku."

Adjutor akacheka, masikio yakaiva kama zamani. Ludger hakucheka. Kope zake zilikuwa zimepanda kuliko kawaida.

"Rudia kuhusu baba," alisema.

"Baba alikuwa nao. Ndio uliomuua. Na wewe unao, kaka, kuliko mimi, na Ijumaa tunakwenda mjini ukapimwe moyo."

"Mkono wa baba ni ugonjwa?"

"Ndiyo, ni ugonjwa."

"Tabernakulo!" Pale ziwani mtu akikasirika hatukani mama wa mtu, anavitupa vyombo vyote vya altare, na Ludger alivitupa, tabernakulo, kalisi na hostia, kwa ile sauti yake ya puani, mpaka Adjutor akainama. Kisha akapoa, na kupoa kwake kulikuwa kubaya zaidi.

"Basi alikuwa hanishiki," alisema. "Alikuwa amekwama."

Akaondoka mezani, akajikwaa kizingitini, akaingia chumbani kwake. Azélie akalifunika bakuli lake la supu lisipoe.

Ijumaa Ludger hakwenda. Wala Ijumaa iliyofuata. Azélie alijaribu kwa wema, akajaribu kwa pai, mwishowe akarudi kwenye tabia yake.

"Nitakuburura kwa masikio, zee zima!"

"Masikio mburure mumeo. Yake yana vipini."

"Utakufa, Ludger!"

"Nife na baba yangu nimjuaye. Mkifika kwa daktari wenu mtanirudishia nani? Mgonjwa aliyeshindwa kufungua vidole."

Azélie alikwenda kulia kwenye banda la kuni, akarudi na kuni mikononi ili asiulizwe.

Ikawa asubuhi moja ya Januari, wako zizini wote wawili, yeye kwa ng'ombe wa pili, Ludger kule mwisho. Akasikia kigoda kikianguka. Hakujali, vigoda vya Ludger vilikuwa vikianguka. Kisha akasikia ndoo, na maziwa yanamwagika, na hakuna aliyetukana. Hapo akasimama.

Ludger alikuwa chali kwenye majani, rangi ya mshumaa. Ng'ombe alikuwa amemwinamia akimnusa. Azélie alipiga magoti, akafungua koti lake, akaweka sikio kifuani. Hakukuwa na kitu. Alisikia ng'ombe wanatafuna, alisikia upepo paani, ndani ya kaka yake kimya. Akaita, hakujua anaita jina la nani. Kisha, mbali sana, kama mtu anayegonga ng'ambo ya ziwa, pigo moja. Kimya tena. Pigo jingine. Mengine yakafuata yakisukumana, kama watoto waliochelewa shule.

Macho ya Ludger yakafunguka.

"Nimesinzia."

"Hukusinzia. Umekwenda ukarudi."

"Nimesinzia, Azélie. Nipe mkono niinuke."

Akampa mkono. Ludger akaushika, akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, akakaa kwenye maziwa na majani, na mkono ukakwama palepale. Wakatazamana. Kaka na dada, wawili wote wana kufuli moja, hakuna mwenye ufunguo.

"Nani kakushikisha mkono wangu?" Azélie aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine?"

"Ugonjwa haukukushikisha?"

"Usianze."

"Naanza, na huna pa kukimbilia maana umekwama. Ugonjwa haujui kushika, Ludger. Kushika anashika mwenyewe mtu. Ugonjwa unakuja nyuma, unakaa kwenye mlango wa kutokea." Hasira zilikuwa zikimsaidia kusema. "Baba alijua mkono wake akiutoa haurudi upesi. Aliutoa."

"Aliutoa kwa wote. Desturi."

"Kwa wote, ndiyo. Mimi nilikuwa wa kwanza, nilikabwa mpaka…"

Vidole vya Ludger vilikuwa vimeanza kulegea juu ya vyake. Aliviangalia vinavyofunguka, na kitu kikamjia taratibu, akakiogopa kukigusa kisije kikaruka.

"Shika tena," alisema.

"Nini?"

"Shika tena, nakwambia!"

Ludger akashika. Mkono ukakwama, ukafunguka mapema zaidi. "Tena." Ukafunguka mapema zaidi. "Tena." Wakashikana na kuachana pale sakafuni kama wendawazimu, mpaka kiganja cha Ludger kikafunga na kufunguka bila shida.

"Umeona?" Azélie alisema. "Mikono huamka."

"Najua. Hata mtoto wa kwetu anajua."

"Basi hesabu, gogo wewe! Baba alianza na mimi. Akaja Hormidas, akaja Valéda, wakaja mapacha, benchi zima. Mpaka anakufikia wewe mkono wake ulikuwaje?"

Ludger akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ulikuwa umeshaamka," Azélie alisema. "Ulikuwa mkono kama wa padri, kama wa Adjutor. Ungekuachia palepale ukanywe kahawa yako. Sisi wa mwanzo alikwama kwetu. Kwako hakukwama, Ludger. Kwako ile pai ilipoa kwa sababu mwenye mkono alitaka."

Ludger alikuwa akiutazama mkono wake kana kwamba kuna mtu ameuweka pale mapajani mwake akasahau kuuchukua. Akaufunga. Akaufungua.

"Alianza kwa mdogo," alisema mwishowe. "Nyumba zote walianza kwa mkubwa. Nilidhani ananidharau."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Alijua?"

"Alikuwa akikamua kabla sisi hatujazaliwa. Angeachaje kujua?"

Ludger akajifuta uso kwa mkono wa koti, akapaka maziwa zaidi kuliko aliyofuta. "Mwambie mumeo awashe gari," alisema. "Na nibadilishe suruali. Siendi mjini nanuka kama jibini."

Adjutor aliendesha akiwa amekunja shingo, theluji inakuja kwenye kioo kizima, na hakutoa mzaha hata mmoja njia nzima, jambo lililomtisha Ludger kuliko barafu. Daktari Vézina alibandika nyaya kifuani, akatazama mchoro unavyotoka, akamtazama mgonjwa, akasema huyu harudi nyumbani leo. Wakamlaza. Kifaa kikaingizwa chini ya mfupa wa mtulinga, kidogo, cha kutosha kiganjani, na waya wake ukateremshwa ndani ya mshipa mpaka moyoni.

Siku ya pili wakamruhusu Azélie kuingia. Pembeni mwa kitanda kulikuwa na kioo chenye mstari wa kijani unaokimbia, na kila moyo wa Ludger ulipopiga, mstari uliruka.

"Kinampiga moyo?" Azélie alinong'ona.

"Hapana," alisema daktari. "Hayo ni mapigo yake mwenyewe. Kifaa kinasikiliza tu. Akichelewa ndipo kinabisha hodi. Ngoja uone."

Akangoja. Mstari uliruka, ukaruka, ukaruka. Kisha ukanyooka. Uliendelea kunyooka, tambarare kama ziwa lililoganda, na Azélie aliijua ile nafasi, alikuwa ameisikia kwa sikio lake juu ya majani. Ndani ya nafasi hiyo baba yake aliegemea gari la farasi. Ndani yake, huenda, wamelala wengi tangu ile meli. Mikono ya Azélie ilijifunga juu ya mkoba wake.

Mstari ukaruka. Mruko mpana, wa namna nyingine, si wa Ludger. Kifaa kimebisha. Na moyo, ule moyo mvivu, ukaitika, ukaendelea na safari yake.

Azélie alipiga ishara ya msalaba, na Adjutor aliyekuwa mlangoni akavua kofia.

Ludger alifumbua jicho moja. "Mbona mnaniangalia kama hostia iliyoinuliwa?"

"Nyamaza," alisema Azélie. "Tunasikiliza."

"Ng'ombe nani kakamua?"

"Mama Lapointe, yule jirani."

"Atawaharibu. Mikono yake ina haraka." Jicho likafumba. Pumzi zikaanza kuwa nzito, na haukupita muda akawa anakoroma.

Azélie akavuta kiti karibu zaidi na kioo. Daktari alimwambia anaweza kwenda kula, chini kuna kantini na leo kuna samaki. Alisema ndiyo, anakwenda, akakaa. Mstari ulipochelewa tena hakumtazama kaka yake, aliutazama tu uwanja ule mtupu wa kijani, mdomo wazi kama mtoto, akimsubiri mbisha hodi.